Oili ya Difu

Gia ya pili ilianza kusaga tangu Muheza,
kama mchanga kwenye meno,
kila nikipunguza mwendo kuikabili kona.
Machungwa magunia tisa nyuma,
na mimi mbele nikikiomba radhi chuma.

Fundi Mhina wa barabara ya kumi na tatu, Ngamiani,
hakufungua hata boneti.
Alijilaza chini ya pikapu, akalegeza nati,
akapokea tone kwa kidole, akalinusa
kama mke anusavyo shati.

"Umetia nini humu?"
Oili nzuri, nikasema. Nzito. Ya bei.
Muuzaji wa Makorora aliniapia.
"Nzuri kwa nani?"

Akanisogezea kidole, ninuse na mimi.

Nikarudi darasa la tano, Amboni,
siku tuliyopelekwa kwenye maji moto ya Galanosi:
harufu ileile ya yai viza,
na bangili ya shaba ya bibi, niliyoivaa kwa siri,
nilipoinua mkono imekuwa masizi.
Niliisugua kwa ndimu na majivu mpaka usiku.
Bibi aliutazama mkono wangu. Hakusema.

"Salfa," akasema Mhina.
"Difu inaipenda. Kule ni chuma kwa chuma,
wagomvi, wanataka dawa kali.
Humu mna ringi za shaba, dada.
Kazi yake kuishika gia mkono kabla haijaingia,
kuiambia: taratibu, mwenzio anazunguka.
Wewe umezipa dawa ya wagomvi."

Akamwaga ya zamani kwenye karai.
Jua la saa sita likaingia ndani yake:
vumbi la dhahabu, linaogelea.
Dhahabu yangu. Niliilipia mwenyewe,
kopo baada ya kopo.

"Hii ni daraja la nne. Ile yako la tano.
Watu huona tano ni kubwa kuliko nne, basi."
Akajaza taratibu kwa bomba la mkono
mpaka tundu likatema lenyewe,
akafunga, akajifuta kwa gunia.
"Kelele itapungua. Ila iliyolika imelika."

Nikapita Chumbageni kwa gia ya pili makusudi.
Ikasita kidogo,
kama mtu anayekumbuka jina lako,
ikaingia.

Kopo lililobaki nimempa jirani mwenye lori.
Kwa difu, nikamwambia.
Akaitikia huku anatazama pembeni.
Nikarudia: kwa difu tu.