Tundu la Arobaini na Moja

Mbao tano za mninga zimelala juu ya magunia,
nimezipa namba kwa chaki, kushoto tatu, kulia mbili,
na mashua iko uchi pale Igombe,
sitaha yake imetobolewa matundu arobaini na moja.
Nimeyahesabu mara mbili. Skrubu ni arobaini.

Nikashuka Makoroboi kutafuta cha kuzuia maji.

Kwa Rwegasira wananipa silikoni,
ile ya madirisha ya alumini, nyeupe kama dawa ya meno.
"Mama, hii hata mvua ya Bukoba haipenyi."
Naijua. Inang'aa mwaka mmoja,
kisha jua linaiinua ukingoni, kidogo tu, kama kope,
maji yanaingia na hayaoni pa kutokea.
Na ukiifuta, haifutiki:
inaacha mafuta yasiyoonekana kwa jicho,
na hakuna rangi, hakuna vanishi, hakuna gundi nyingine
itakayokubali kukaa pale alipokaa yeye.
Nimewahi kuishi na mtu wa namna hiyo.
Tuendelee.

Duka la pili: bomba jeusi, gundi ya vioo vya mabasi.
Kijana anaisifu huku amebana meno:
"Basi la Musoma lilibiringika mara tatu,
mabati yakakunjika, kioo kikabaki kwenye fremu."
Ndiyo hii aliyotumia kaka yangu Magesa.
Aliimimina kwa ukarimu wa mtu asiyelipia,
akapangusa mikono, akasema: hapa mpaka Kiama.
Kiama kilikawia masika matatu.
Nilipoing'oa mbao ya mbele
ilitoka na ngozi ya sitaha, nyuzi nyuzi,
kama plasta inavyobanduka na nywele za mguu.
Chini yake mlikuwa na uji mweusi.

Watu hudhani adui ni ziwa.
Ziwa liko chini, lina adabu zake.
Kinachoozesha ni tone la juu, la mvua, tamu,
lisilo na chumvi ya kuhifadhi chochote,
linajilaza chini ya mbao
kama mgeni aliyeambiwa ajisikie yuko nyumbani.

Mbao ya nyuma Magesa hakuigusa.
Niliifungua mwisho, nikakuta mkono wa baba:
kalafati ya pamba, masalia ya shambani Magu,
mbegu moja bado imo,
imesokotwa kwa lami na mafuta ya ng'ombe.
Kisu cha jikoni kiliitoa yote, chai haijapoa.
Chini yake kukavu, rangi ya asali,
na mshale wa penseli, na neno moja: *huku*.
Huku wapi, hakuandika. Hakuwa mtu wa sentensi.

Nikaufuata mshale kwa kidole.
Ulinifikisha kwenye tundu lisilo na mwenzake,
lililozibwa na gundi ya mabasi.
Nikalichokonoa kwa msumari hadi mwanga ukapita.
Halikwenda chini kama mengine. Lilikuwa limelala,
linaelekea nje, ziwani.

Duka la tatu halina jina, linauza vitu vya mafundi bati.
Nikanunua tepu nyeusi ya butili, ile laini
wanayoibana katikati ya bati na bati.
Unaikanda kama tonge, inakufuata vidoleni,
haikauki, haiapi kiapo.
Muuzaji mwenyewe hakuisifu. "Inafaa," alisema,
akarudi kwenye simu yake.

Leo nimefunga skrubu arobaini,
robo mzunguko kila moja, kisha chai, kisha robo nyingine,
butili ikitoka pembeni taratibu, naikata kwa kisu kile kile.
Magesa amepiga simu: umetumia nini?
Nimemwambia. Akacheka. "Si itabanduka hiyo?"
Siku nikitaka, nikasema.

Sasa nimeteka ndoo ya maji,
nimeimwaga yote juu ya sitaha,
na nimepiga magoti kwenye mchanga, shavu karibu na ubao,
nalitazama tundu la arobaini na moja.