Usi—

Saa tisa ya usiku. Barabara ya Kapchorwa
imemezwa na tope, na ambulensi yetu
imelala ubavu tangu Jumatano kwenye daraja la magogo.
Mtoto katoka, wa kiume, analia.
Kondo halijatoka.
Damu ndiyo inayotoka.

Simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga.
Nje, juu ya tangi, Araptai mlinzi
ameinua simu yake hewani, ile yenye bando,
kama anayemwonyesha Mungu risiti.

Kwenye kioo, Daktari Nambozo, yuko kwake Mbale,
leso begani, nywele hazijafungwa.
"Sista Cheptoek, nionyeshe shuka. Hapana, lote.
Sindano umempa? Saa ngapi? Kibofu umekimwaga?
Weka kiganja tumboni, hapo chini. Sugua.
Mkono wa pili ushike kamba ya kitovu, na usi—"

Uso ukaganda,
mdomo nusu wazi, vipande vipande.

Usi nini, Daktari?
Usivute? Usiachie?
Lugha hii tunayoazimana, mimi Msebei, yeye Mgisu,
hutanguliza katazo, kitendo hukiacha nyuma,
kama mgeni anayevua viatu kwanza
ndipo aseme kilichomleta.

Yapsiwa ameanza kuuliza habari za mbuzi,
nani amewafungia.
Midomo yake ina rangi ya majivu.
"Araptai!"
"Nimeishika, Sista!"
Mvua tu.

Sikuvuta.
Nilisugua, nikihesabu kwa Kisebei,
maana Kiswahili kilikuwa kimebaki nusu.
Mia moja na arobaini na kitu
tumbo likajikunja chini ya kiganja,
gumu kama jiwe la kusagia,
na kondo likateleza lenyewe, zima, ndani ya beseni.
Nililigeuza mara tatu chini ya tochi. Zima.

Asubuhi, Yapsiwa anakunywa uji na kulalamika
kwamba hauna sukari,
nilimpigia daktari kumuuliza.
Akanyamaza kidogo. Hakumbuki, akasema.
Labda hata hakuwa akisema nami:
binti yake alikuwa ameamka, amesimama mlangoni,
na kila usiku simu hii ikiita
humwambia, usilie.

Kwenye fomu, palipoandikwa Maagizo ya Daktari,
nimeandika: Usi.
Nikaweka nukta.