Silinda Namba Tatu

Winnipeg, Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
baridi ile inayogandisha kope ukizipepesa.
Tulimwaga zege la ghorofa ya nne usiku,
sakafu ya chekechea itakayofunguliwa majani yakichipua.
Saa nane gesi ya vipasha joto ikaisha.
Hakuna aliyeniambia. Nilikuta blanketi asubuhi
zimekakamaa juu ya zege kama ngozi iliyowambwa.

Silinda zangu tatu niliziacha pembeni mwa sakafu,
zilale ilipolala, zigande ikiganda,
maana huo ndio ushahidi:
mtoto wa zege augue homa ya mama yake.

Siku ya tatu Orest Hnatiuk akaniletea mwenyewe,
msimamizi mwenye mkono mzito na utani mwepesi.
"Hizi hapa, binti. Salama salimini."
Nikaishika namba tatu. Haikuwa na chembe ya barafu.
Kifuniko kilinata sukari ya donati,
na ubavu wake ulikuwa na joto
la kibanda cha ofisi.

Maabara, mashine ikaibana, ikaguna, ikaipasua.
Ishirini na mbili. Ilihitajika ishirini ili mbao zitolewe.

Namba haikudanganya. Hilo ndilo lililonikera.
Ilisema kweli tupu juu ya silinda
iliyolala kando ya birika la kahawa;
haikusema neno juu ya sakafu
iliyolala nje bila mlezi.

Nani asiyeijua methali ya ufa na ukuta?
Lakini wahenga walijenga kwa udongo,
ufa wakauona kwa macho.
Huu wetu haujazaliwa.
Unangoja mbao zitolewe,
unangoja makabati mafupi yenye majina ya watoto,
viatu vya theluji jozi arobaini mlangoni.

Orest alinipigia simu. Hakutisha, la.
Aliniuliza hali ya mama, Tabora.
Akanikumbusha faini ya kuchelewa, dola elfu tisa kwa siku,
na kwamba Rodelio na wenzake watarudishwa nyumbani bila ujira.
"Andika ulichokiona kwenye mashine. Basi."

Basi. Neno fupi, lakini unaweza kulilalia.

Naujua usingizi wake.
Mwaka wangu wa kwanza, barabara ya Sargent,
niliandika "nimekagua" juu ya nondo
zilizokwisha kufunikwa nilipofika.
Jengo lile halijaanguka. Chini lina kinyozi,
juu lina maua dirishani.
Mwaka wa sita huu navuka upande wa pili
nisipite chini yake.

Kwa hiyo nikaandika, kwa kalamu, herufi kubwa:
SILINDA ZILIHAMISHWA. MATOKEO HAYAIWAKILISHI SAKAFU.
Nikampelekea mhandisi Pruden.
Alisoma mara mbili, pete yake ya chuma
kwenye kidole cha mwisho ikikwaruza meza,
pete wanayovaa wahandisi wa huku
ili mkono unaotia saini usijisahau.
Hakunisifu. Alisema, "Toboeni,"
akarudia chai yake.

Tulitoboa sehemu tano, tukachomoa vigogo vya zege.
Cha upande wa kaskazini kilivunjika kwenye kumi na moja,
ndani kimejaa vitundu vya maji yaliyoganda,
kama mkate uliotolewa jikoni mapema.
Upande ule ukabomolewa wote. Nyundo za upepo
zililia toka Jumatatu hadi Alhamisi.

Rodelio alikosa mshahara wa siku nne.
Nilimkuta kituo cha basi; akanisogezea nafasi
penye kipasha joto, hakusema kitu.
Orest hanisalimu.

Chekechea ilifunguliwa Juni. Napita chini yake
nikienda kazini, nasikia wakigombania baiskeli.

Barua ya Sargent bado sijaimaliza.
Karatasi iko mezani chini ya funguo.
Nimeandika tarehe, nikaikata,
nimeandika nyingine.