Parafujo

Bwana Mbarouk Sleyum hakubisha hodi.
Aliweka gunia mezani kwangu, juu ya mikanda na mafuta,
gunia la karafuu, limefungwa kwa ukambaa,
akasema: "Fungua. Lakini vuta mlango kwanza."

Mimi fundi cherehani, Wete, pale Mtemani.
Kwangu huja sindano zilizovunjika, pedali, bobini,
sare za skuli zilizoshonwa nusu, na lawama.
Bunduki haikuwahi kuja.

Ilikuwa ya wenzo.
Si gobori la kufukuzia kima,
wala si ile ya mlinzi wa benki.
Chini ya mtambo wake ilining'inia pete ya chuma
ya kupitisha vidole vitatu:
ukiisukuma, mdomo unafunguka juu;
ukiirudisha, unafumba
kama mtu aliyeanza kutaja jina akalimeza.

"Ninazo sita," akasema. "Hii ya saba.
Nimeipata Kiuyu, darini kwa marehemu Bi Time,
wajukuu wakiezua makuti watie bati.
Sita zile pini zimetolewa, polisi wana karatasi zao.
Na hii nitaipeleka Jumatatu.
Ila, yakhe, siipeleki kilema."

Akanionesha tarakimu kwenye chuma, tatu tu,
akazipapasa kama mtu anayesoma kwa vidole.
Miaka thelathini na moja alikuwa karani wa mizani,
akipima karafuu za watu;
kiinua mgongo chake kimelala ukutani,
kimepakwa mafuta ya makonyo,
maana ya nazi, asema, huganda,
na hewa ya Pemba ina chumvi isiyosamehe.
Mkewe, Bi Riziki, huziita wenza:
"Nina wenza sita, na hakuna hata mmoja anayepika."

Parafujo ya wenzo ilikuwa imelika.
Nikamwaga mkebe mzima wa maziwa,
nikajaribu hii, nikajaribu ile;
hesi zake hazikuwa za kizazi chetu.
Mwisho nikachukua boliti ya cherehani mbovu,
nikaipiga tupa tangu adhuhuri hadi alasiri,
ikaingia.
Nikausukuma wenzo. Chaka. Nikaurudisha. Chak.
Ndani ya mtutu ukadondoka udongo mkavu:
dondola walishajenga humo, wakalea, wakahama.

Hapo ndipo nilipoziona alama kitakoni.
Kumi na moja, za kisu, zimepangwa kama ngazi.

"Magunia," akasema Bwana Mbarouk, upesi mno.
"Mwenye shamba alikuwa akihesabu magunia."
Kisha, polepole: "Kuna mnunuzi Unguja,
kila akipiga simu anataka niseme ni watu.
Ati bei itapanda."

Mama alikuwa pembeni, anapinda ukingo wa shuka.
Hakuinua kichwa. Alinyoosha tu mkono,
akaipitisha kucha juu ya zote, moja moja,
akasimama kwenye ya mwisho. Haikuzama kama wenzake.
"Hapa mkono ulisita," akasema.
"Anayehesabu magunia hasiti."
Akarudi kwenye shuka yake.

Bwana Mbarouk aliitazama chai hadi ikapoa.
Alinilipa zaidi ya tulivyopatana,
nami sikumrudishia.

Jumatatu akaipeleka. Wakaitoa pini, wakampa karatasi.
Sasa ni ya saba ukutani, inanukia makonyo,
kitako kimegeuziwa ndani.
Mnunuzi, nasikia, bado anapiga simu.

Ile parafujo ya zamani hakuitaka.
Ilikaa mkebeni miezi, baina ya vifungo.
Pedali ya mama ilipokatika nikaijaribu,
ikaingia, si sawasawa.
Anashonea sare za skuli, anakanyaga,
wala haulizi imetoka wapi.
Hulegea.
Kila Ijumaa naikaza.