Kura za Ndiyo

Redio ya betri ilisema, hapa Majengo:
ndiyo zimeshinda, kwa kura kumi na moja.

Shekue akagonga meza, kahawa ikamwagika:
"Sasa tutaheshimiwa!"
"Wewe na nani?" Kombo akamkata.
"Mwanao yuko Doha, aosha magari."
Wakaondoka bila kuagana,
watu walioozana watoto.

Mbunge wetu naye, ndiyo.
Sauti ile ile iliyoomba kura
juu ya benchi hili, mdomo umejaa mahamri yangu
ambayo hajalipa.

Mimi nilikanda unga, kimya.
Wangu yuko Mtongwe, kambini.

Usiku akapiga simu. Vita hakuvitaja.
Aliuliza kama nimelipa stima.
Nikamjibu, gizani:
nimelipa, baba.