Eneo la Nne

Programu inaniuliza: maeneo mangapi ya hewa?
Naandika matatu.
La kwanza pale alumini inapotoka kinywani mwa kalibu,
nyuzi mia tano na kumi,
laini bado, haijajua itakuwa dirisha la nani:
mita mbili, feni nne za juu.
La pili, mita tano, feni za juu na za chini.
La tatu hadi mwisho wa meza, hewa tulivu,
joto lishuke lenyewe
kama deni linalolipwa kidogo kidogo.

Joto la hewa?
Programu imeshajiwekea ishirini na tano.
Nikaiacha.
Nani amewahi kuja Pongwe mwezi wa pili
akakuta ishirini na tano?
Lakini nilikuwa na haraka, na mbaya zaidi, niliamini.

Mchoro ukatoka mzuri: nyekundu, chungwa, manjano,
buluu ikitambaa ukingoni bila kusukumana.
Nikauchapa. Nikaubandika ukutani, juu ya kalenda.

Jumanne tukaanza.
Fremu zikatoka zimepinda, zote kushoto,
kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani.
Mia na arobaini zikarudi kuyeyushwa.
Meneja Dossa hakunigombeza.
Aliutazama mchoro, akanitazama, akaenda kunywa kahawa.
Bora angegomba.

Nikashuka na kipimajoto, nikaifuata meza hatua kwa hatua.
Mita ya kwanza, sawa. Ya nne, sawa.
Ya saba, ngozi ya mkono ikajua kabla ya kipimo:
mlango wa pembeni wazi, umewekewa kipande cha gogo,
na upepo unaingia kama mwenye nyumba,
unapiga ubavu mmoja tu.
Hapo ndipo anaposimama Mwanamkasi,
glovu hadi viwikoni, kanga kiunoni,
anapokea vipande, anapanga.

"Nani kaufungua?"
"Mimi. Tangu mfungo wa mwaka juzi."
"Unapindisha fremu."
"Na ukifungwa, napinda mimi."

Nikaufunga, nikasimama mahali pake.
Dakika kumi nilikusudia.
Ya sita nikaurudisha mwenyewe ule mlango,
nikalitafuta lile gogo kwa mguu,
naye akiendelea kupanga, haniangalii.

Usiku nikafungua faili upya.
Joto la hewa: thelathini na tatu.
Eneo la nne: mita ya saba hadi ya nane,
kushoto peke yake, mita mbili kwa sekunde.
Programu haikubali eneo lisilo na jina.
Feni ya Tisa, ikapendekeza.
Nikafuta.
Mlango wa Mwanamkasi, nikaandika,
na kulia nikatega feni mbili ndogo za kumjibu.

Anza.
Mstari kwenye kioo ukaanza kuinama,
ukasita,
ukarudi. Karibu.
Imebaki milimita moja na nusu.
Hiyo nitaitafuta kesho,
na mlango ukiwa wazi.