Kidole Pembeni mwa Picha

Barua imetoka Oulu, kwa mwanamke aitwaye Pirkko:
"Mama mkwe, Wendell amefika salama?
Nauli nilimtumia mara tatu,
na ya daktari,
na ya kulikomboa sanduku forodhani."

Wendell wangu.
Miaka minane yumo ardhini hapa Nebraska,
jana tu nimepangusa theluji kwenye jiwe lake.

Picha ile niliipiga mimi, kwenye ngazi za jikoni,
magwanda yake yangali na mikunjo ya dukani,
kidole changu kimeingia pembeni.
Wameiba na kidole.

Nimjibu nini huyu mkwe?
Chai inapoa.

Chini ameambatisha sauti
ya mtu asiye mwanangu, akisema "nakuja nyumbani".
Naisikiliza.
Naisikiliza tena.